SKRUBU ZA CHEREHANI ZISILEGEE

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: SKRUBU, NATI, BISIBISI. Yasomeni pamoja, kisha tuendelee.

Somo la leo ni juu ya cherehani ya kukanyaga. Mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, mshonaji wa sare ana nguo nyingi na siku chache. Skrubu moja ndogo kama punje ya mahindi ikianguka pale bobini inapokaa, mashine hukwama, sindano huvunjika, na wazazi wako mlangoni wanangoja. Tena skrubu kama hiyo haipatikani katika kila duka la kijiji.

Kwa nini hulegea? Itazame kwa karibu. Meno yake ni njia moja inayopanda ikizunguka, kama njia ya miguu inayozunguka kilima. Ukiikaza, chuma huvutika kidogo sana, mfano wa mpira, na mvuto huo huyabana meno yasiteleze. Lakini cherehani hupiga mishono mamia kwa dakika, na kila pigo hutikisa. Katika mtikiso meno huteleza kidogo, na skrubu huanza kuteremka kilima chake.

Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba mtikiso wa kwenda ubavuni hulegeza upesi kuliko ule wa kuvuta na kusukuma. Kwa hiyo anza na miguu ya mashine. Sakafu ya udongo haiko sawa. Mguu mmoja ukining'inia, mashine yote huyumba. Weka kibao chini yake. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya dawa, na haina gharama. Kwenye bolti za miguu tia nati mbili, ya pili ikiikandamiza ya kwanza. Watu wengi hupenda washa ya springi, ila majaribio ya namna ile ya Junker yameonyesha kwamba haizuii sana.

Sasa skrubu ndogo. Ifungue, ifute mafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke. Mafuta ni mazuri pale vyuma vinaposuguana. Kwenye meno ya skrubu huyatelezesha. Tumia bisibisi inayojaa katika mfereji wa kichwa, maana iliyo nyembamba huutafuna. Kaza imara, bali usiikate shingo. Halafu tia tone moja la rangi ya kucha ukingoni mwa kichwa, uiache ikauke usiku kucha. Siku ya kufungua, rangi itapasuka yenyewe. Ile gundi kali ya kuunganishia vitu vilivyovunjika usiitumie, kwani huenda skrubu isitoke tena.

Angalieni hapa: rangi isiguse skrubu inayobana sindano, wala ile ya kupimia mkazo wa uzi. Hizo hufunguliwa na kugeuzwa kila mara. Ya sindano ikaze kila ubadilishapo sindano, na uijaribu tena baada ya kushona nguo ya kwanza.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kitafute cherehani moja, kihesabu skrubu zake zilizolegea, na kuandika idadi hiyo daftarini.