Hedifoni ya laki tatu imekufa upande mmoja? Ijaribu hivi kabla hujaitupa, na kabla hujainunua

Leo naongea na wewe unayeuza vifaa vya simu mtandaoni, hasa kama uko mkoani kama mimi hapa Sumbawanga.

Hedifoni za elfu tano kila kibanda kinazo. Faida yake ni mia tano au buku, na zikiharibika mteja anarudi na maneno. Lakini kuna soko jingine ambalo wengi tunalipita: hedifoni za gharama, zile za kuingia ndani ya sikio, za laki mbili, laki tatu, mpaka zaidi ya milioni. Wateja wake ni wachache, ila wanajua wanachotaka, na wakishakuamini hawakuachi.

Kwenye soko hili pesa haipo kwenye jina lililoandikwa kwenye boksi. Ipo kwenye kujua kwa uhakika kilichokufa ni kipi: waya, uchafu, au spika yenyewe. Ukilijua hilo unanunua kwa bei sahihi, unatengeneza, unauza na unalala usingizi. Usipolijua unacheza kamari na mtaji wako.

NANI ANANUNUA HUKU KWETU?

Watu wa muziki. Wapiga kinanda na ngoma wa kwaya, ma-DJ, vijana wenye studio ndogo, watangazaji, mafundi mitambo wa harusi. Mpiga kinanda akikaa karibu na ngoma na spika kubwa hajisikii anachopiga. Hedifoni ya ndani ya sikio inaziba kelele za nje, anasikia muziki na mapigo ya kuhesabia bila kuongeza sauti.

Hiki si kitu kipya. Etymotic walitoa ER-4 mwaka 1991. Mwaka 1995 Marekani ikaanzishwa Ultimate Ears, kazi ikiwa ni kuwatengenezea wanamuziki wa jukwaani hedifoni za sikioni. Zile spika ndogo sana zilizomo ndani ya nyingi za aina hii zimetokana na teknolojia ya vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri.

Na usidanganyike kwamba spika nyingi ndani ndiyo bei kubwa. Shure SE846 ina spika nne kila upande. Sennheiser IE 900 ina spika moja tu kila upande, ya milimita 7, na ilipotoka mwaka 2021 bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 1,300. Kwa hiyo mteja akikuuliza "ina spika ngapi?", mjibu, lakini mwambie pia aisikilize.

KWA NINI ZA GHARAMA ZINATENGENEZEKA

Hedifoni ya elfu tano waya wake umegandishwa ndani. Ukikatika, kwa heri. Za gharama nyingi waya unachomoka. Kuna aina mbili kubwa za viungio: MMCX, ambacho ni kidogo cha duara, kinabana kwa kubofya na kinazunguka, na cha pini mbili zinazoingia kwenye matundu mawili. Shure SE215, SE535 na SE846 zote zinatumia MMCX.

Kitu kinachoteseka zaidi ni waya: unakunjwa, unavutwa, unakalishwa mfukoni na funguo. Ganda lenye spika linakaa sikioni limetulia. Ndiyo maana nyingi zinazoletwa kwangu kama "zimekufa" hazijafa. Waya umekatika ndani, au mdomo wa spika umeziba kwa nta ya sikio.

JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Hili lishike hata ukisahau mengine yote.

1. Chomeka hedifoni kwenye simu mbili tofauti. Simu nyingi za sasa hazina tundu la duara, watu wanatumia adapta, na adapta mbovu inaua upande mmoja ukadhani ni hedifoni.

2. Upande uliokufa tuseme ni wa kulia. Chomoa waya kwenye maganda yote mawili, kisha badilisha: waya wa kulia uingie ganda la kushoto, wa kushoto uingie ganda la kulia.

3. Sikiliza tena. Kama sasa ganda la kushoto ndilo limenyamaza, mgonjwa ni waya. Kama ganda la kulia bado limenyamaza hata kwa waya mzima, tatizo liko kwenye ganda.

Wakati wa kuchomoa MMCX usivute waya. Ingiza ukucha kwenye ufa kati ya kiungio na ganda, usukume taratibu mpaka usikie "tik".

Kuna mpiga kinanda mmoja wa Laela alinitumia meseji wiki mbili kabla ya Pasaka. Hedifoni yake ya kampuni kubwa imezima kulia, na duka aliloulizia limemwambia anunue mpya. Hela hiyo hakuwa nayo, alikuwa amenunua mbolea. Akaniandikia: "Kaka, nisaidie hata ya kuazima, nitaaibika mbele ya kwaya." Nikamwambia, kabla hujaazima, badilisha waya upande, halafu niambie kipi kimenyamaza. Baada ya dakika kumi akajibu: "Kaka! Sasa hivi kushoto ndiyo kimya." Waya. Nikauagiza Dar, ukapanda basi kupitia Mbeya na Tunduma, ukafika, Pasaka akapiga. Kwangu ilikuwa faida ndogo ya waya mmoja. Lakini baada ya hapo wanakwaya wenzake watatu wamenunua kwangu, na hakuna aliyeanza kwa kuniuliza "kwani ni orijino?".

UNANUNUA YA MTUMBA? OMBA VIDEO

Sisi wa mbali hatuwezi kwenda Kariakoo kila wiki kuangalia kitu kwa macho. Kwa hiyo kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji video moja isiyokatwa: achomoe waya, abadilishe pande, achomeke kwenye simu, muziki upigwe, kila ganda lisogezwe karibu na maiki. Mwenye mzigo wa kweli haoni taabu. Anayezunguka zunguka, muache na mzigo wake.

Tuone hesabu kwa mfano. Umepata hedifoni imekufa upande mmoja, 60,000. Kama ni waya: waya mpya 25,000, kofia mpya za sikioni 8,000, usafiri 7,000. Jumla 100,000. Ukiiuza 150,000 umebaki na 50,000. Kama ni spika ya ndani, ganda limegandishwa kiwandani, na kulifungua bila kuliharibu ni kazi ya fundi maalumu. Hapo ile 60,000 yako imelala. Hedifoni ni ileile na bei ileile. Tofauti ni dakika moja ya video.

MATENGENEZO UNAYOWEZA KUFANYA MEZANI

Nta. Sauti imepungua upande mmoja lakini haijazima? Vua kofia, angalia mdomo kwa tochi ya simu. Geuza mdomo uangalie CHINI, upige mswaki laini mkavu, ili uchafu uanguke nje usirudi ndani. Usichokoe na pini, usimimine spiriti. Baadhi zina kichujio kidogo kinachobadilishwa, na hicho ni kipuri cha kuwa nacho.

Unyevu. Huku Ufipa juu, baridi ya Juni na Julai inafanya mvuke wa sikio ugande kuwa maji ndani ya mdomo wa spika. Wateja wa bondeni, Kaoze, Muze na Mtowisa, tatizo lao ni joto na jasho. Dawa ni moja: fungia hedifoni kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kufyonza maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, iache siku nzima. Usitumie mchele, una vumbi.

Jeki. Waya ukikatika pale unapoingia kwenye jeki, unakata kipande, unafunga jeki mpya kwa solda. Nyuzi zake zina rangi ya kuzuia umeme, lazima uiunguze kwa ncha ya solda yenye risasi mpaka shaba ing'ae, la sivyo haishiki. Kwenye jeki ya kawaida ya pande tatu, ncha ni kushoto, pete ya kati ni kulia, sehemu ya nyuma ni ya pamoja. Usiamini rangi za nyuzi, pima kwa mita.

Kipimo cha mwisho. Mafundi wengi wanaishia "inalia pande zote", wanakabidhi. Bado. Kama nyuzi za upande mmoja zimegeuzwa, pande zote zitalia lakini besi inapotea na sauti ya mwimbaji inaelea pembeni. Washa mpangilio wa sauti ya mono kwenye simu, kisha piga wimbo wowote. Sauti ya mwimbaji ikae katikati ya kichwa na besi iwe nzito. Ikiwa nyembamba, geuza nyuzi za upande mmoja. Kwenye waya wa pini mbili, angalia kama umechomeka kinyume.

USIAGIZE WAYA KWA KUANGALIA PICHA TU

MMCX zote hazifanani. Sennheiser IE 300, IE 600 na IE 900 kiungio chao kimezama ndani ya ganda, kwa hiyo waya mnene wa kawaida hauingii vizuri. Za pini mbili nazo kuna pini za milimita 0.78 na za 0.75. Ukilazimisha nene kwenye tundu jembamba, tundu linapanuka na hutalirudisha. Mwombe mteja picha ya karibu ya kiungio na jina kamili la modeli.

Kofia ziwe mpya kila mara. Hakuna anayetaka nta ya mtu mwingine sikioni mwake. Weka saizi tatu, ndogo, kati na kubwa, kwa sababu kofia isiyoziba vizuri inaua besi, na mteja atasema umemuuzia kitu kibovu. Kofia za sponji zinakuwa ngumu kwenye baridi. Mwambie mteja azipashe joto kwa vidole kwanza.

FEKI: HAPA USICHEZE

Modeli zinazopendwa zina nakala feki sokoni. Ukiona kitu kipya cha laki tatu kinauzwa elfu arobaini, usijiambie umeokota embe chini ya mnazi. Linganisha maandishi, boksi, uzito, namba ya bidhaa, na sikiliza.

Kuuza feki kwa jina la orijino ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, yaani FCC, wana mamlaka ya kukamata mzigo. Mtaji wako wote unaweza kuondoka siku moja. Kama ni nakala, usiguse. Zipo kampuni za China zinazotengeneza hedifoni nzuri kwa jina lao wenyewe, Moondrop kwa mfano. Uza hizo kwa jina lake halisi, hakuna aibu.

TANGAZO LANGU LINASEMAJE

Naandika wazi: modeli, imetumika, kilichobadilishwa, kilichobaki cha zamani, kasoro zinazoonekana, na siku saba za kurudisha kama upande mmoja utazima. Chini yake naweka video ileile ya kubadilisha pande. Mfano:

"Imetumika. Waya mpya, kofia mpya saizi tatu. Ganda la kushoto lina mkwaruzo, angalia picha ya pili. Imejaribiwa pande zote, video hiyo hapo. Siku saba za kurudisha."

Kuna mteja atauona huo mkwaruzo na kuondoka, muache aende. Atakayebaki ameshajua anachonunua, na mzigo ukishuka kwenye basi hakutakuwa na simu ya saa nne usiku.

Kusafirisha: weka kwenye kopo gumu, waya uuviringishe mviringo mpana bila kuufunga fundo, piga picha kabla ya kufunga, chukua risiti ya mzigo na umtumie mteja.

Mtaji wa kuanzia siyo mkubwa: mita, solda, mswaki laini, jeki kadhaa, waya wa MMCX mmoja na wa pini mbili mmoja. Hizo nyaya mbili usiziuze hata mteja akibembeleza. Ndizo zitakazokuambia ukweli kila hedifoni itakapotua mezani kwako.