Kitanda cha mtoto mchanga: Tazama usalama kabla ya mapambo

Na Mwandishi Wetu

MIEZI miwili au mitatu kabla ya mama kujifungua, familia nyingi za mijini huanza kuandaa vifaa vya mtoto. Nepi, beseni, chandarua na nguo ndogondogo hununuliwa kimoja kimoja kadiri fedha zinavyopatikana. Mara nyingi kitanda husubiri hadi mwisho kwa sababu ya bei yake, na siku ya kukinunua ikifika, macho huvutwa zaidi na rangi, nakshi na mapambo.

Hata hivyo, mapambo hayamlindi mtoto. Kitanda ndicho mahali ambapo mtoto huachwa peke yake kwa saa nyingi, usiku na mchana. Katika miezi ya mwanzo hawezi kujigeuza wala kujinasua. Uso wake ukizama kwenye mto, au mwili wake ukipenya kati ya fito, hana nguvu za kujiokoa, na huenda asiweze hata kulia ili asikike.

Jambo la kwanza la kupima ni nafasi kati ya fito za ubavuni. Kanuni za Marekani zinataka nafasi hiyo isizidi sentimita 6 hivi. Sababu yake ni maumbile: kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kuliko nyonga zake. Nafasi ikiwa pana, miguu na kiwiliwili hupenya, kichwa hukwama, na mtoto hubaki akining'inia.

Kwa anayetengenezewa kitanda na fundi seremala, kama wafanyavyo wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaokwenda Keko, njia rahisi ni kumpa fundi kipande cha ubao chenye upana wa sentimita 6, na kumtaka ahakikishe hakipiti kati ya fito zozote mbili. Kitanda kikikamilika, kipimwe kwa ubao huohuo kabla ya kumalizia malipo.

Aidha, fundi aelezwe mapema kwamba nguzo za pembeni zisichomoze juu ya kitanda, kwa kuwa nguo ya mtoto inaweza kunasa hapo na kumkaba shingo. Nakshi zenye matundu upande wa kichwani nazo ziepukwe. Mbao zipigwe msasa vizuri, na rangi iwe ile isiyo na madini ya risasi, kwani mtoto anapoanza kuota meno hutafuna chochote kilicho mbele yake. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua.

Wanaonunua vitanda vilivyotumika kutoka nje ya nchi wana la kuzingatia zaidi. Wakatae kitanda ambacho ubavu wake mmoja hushushwa na kupandishwa. Vitanda vya aina hiyo vilipigwa marufuku kuuzwa nchini Marekani kuanzia Juni 2011, baada ya kuhusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 30 tangu mwaka 2000. Vishikizo vyake vilipolegea au kuvunjika, ubavu uliachia na kuacha mwanya ambamo mtoto alibanwa. Kitanda kisicho na bolti zake zote, au kilichofungwa kwa waya na misumari, nacho kisinunuliwe.

Godoro liwe gumu na lienee kitandani barabara. Vidole viwili vikiingia kati ya ukingo wa godoro na ubavu wa kitanda, godoro hilo ni dogo mno. Kuziba pengo hilo kwa nguo au mto ni kuongeza hatari nyingine. Chaga zilizo chini ya godoro nazo zikandamizwe kwa mikono ili kuona kama zinayumba.

Baada ya hapo, kitanda kiachwe kitupu. Shuka moja iliyobana godoro inatosha. Mito, blanketi nzito, wanasesere na mito myembamba inayozungushwa ubavuni, ingawa hupendeza machoni, inaweza kuziba pua na mdomo wa mtoto. Mwezi Mei 2022, Marekani ilitunga sheria ya kupiga marufuku mito hiyo ya kuzungusha. Mtoto akihitaji joto, avishwe nguo ya kulalia inayomtosha badala ya kufunikwa. Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa, nguo moja nyepesi mara nyingi inatosha.

Mtoto alazwe chali, usiku na hata katika usingizi mfupi wa mchana. Baada ya kampeni ya kuwalaza watoto chali kuanza nchini Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Wapo wazee wanaohofia kwamba mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini katika ulalo huo njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hubaki chini, na mtoto mwenye afya huyameza au kuyakohoa.

Chandarua hakiepukiki katika maeneo yenye malaria. Kifungwe juu, kivutwe kisining'inie karibu na uso wa mtoto, na pindo zake zote zichomekwe chini ya godoro. Kitanda kiwekwe chumbani kwa wazazi, walau kwa miezi 6 ya kwanza, mbali na dirisha, kamba za pazia na nyaya za umeme. Moshi wa sigara usiruhusiwe kabisa ndani ya nyumba.

Mtoto anapoanza kukaa mwenyewe, godoro lishushwe hadi ngazi ya chini kabisa kabla hajajifunza kusimama kwa kushikilia fito. Akifikia urefu wa sentimita 90 hivi, au akijaribu kupanda ubavu, muda wa kitanda hicho umekwisha.

Kwa familia ambayo mtoto hulala na mama yake, hatari huongezeka sana pale mzazi anapokuwa amelewa au anavuta sigara, au mtoto amezaliwa kabla ya wakati. Kulala na mtoto kwenye kochi ni hatari zaidi, na kusifanyike hata mara moja.

Kwa ujumla, kitanda salama si lazima kiwe cha gharama kubwa. Kitanda cha kawaida cha mbao, kilichokazwa vizuri, chenye godoro gumu na kisicho na kitu kingine ndani yake, kinamfaa mtoto kuliko kile kilichojaa mapambo.