Michezo ya video: nani anaamua namna nzuri ya kucheza?

Siku ya Jumamosi, ndani ya vyumba vya PlayStation vya Bukavu, Goma ao Uvira, kelele kubwa haitokani na goli kila mara. Inatokana na ugomvi. Mmoja amechagua timu yenye washambuliaji wa mbio. Akipata mpira anautupa mbele, anakimbia, anafunga, kisha anarudia vilevile. Mwenzake anaweka maneti chini: "Ile si kucheza mupira, ni kukimbia tu!" Jibu linakuja palepale: "Goli imeingia ao haikuingia?"

Mara nyingi aliyeshindwa ndiye analipa. Kwa hiyo si maneno matupu, kuna franga katikati.

Je, kuna namna moja ya haki ya kucheza? Wengi wanajibu haraka: kila kitu ambacho mashine inakubali, kinaruhusiwa. Kwenye uwanja wa kweli mtu anaweza kuudaka mpira kwa mkono, ndiyo sababu tunahitaji mwamuzi. Ndani ya televizio, programu yenyewe ndiyo mwamuzi. Kama ingekuwa kosa, wanasema, mashine ingekataza.

Jibu hilo ni zuri mpaka pale umeme unapokatika. Dakika ya 80, mmoja anaongoza 2 kwa 0, na chumba chote kinaingia giza. Mchezo unaanza upya? Aliyeongoza ameshinda? Nani analipa? Watengenezaji wa EA Sports FC, mchezo ambao mpaka 2023 uliitwa FIFA, hawakuandika kitu juu ya hilo. Lakini kila chumba kina sheria yake, na wateja wanaijua. Maana yake ni kwamba kuna sheria mbili kwa wakati mmoja: ile ya programu, na ile ya watu waliokaa mbele ya programu.

Wengine wanasema neno la mwisho ni la mtengenezaji: cheza vile yeye alivyotaka. Hapo hadithi ya Street Fighter II inasaidia. Kampuni ya Capcom ya Japani iliutoa mchezo huo wa kupigana mwaka 1991. Wakati wa kuutengeneza, mmoja wa wasimamizi, Noritaka Funamizu, alikuwa anakagua sehemu ya ziada ambapo mchezaji anavunja gari. Akaona kitu ambacho hakuna aliyekipanga: ukibonyeza kwa wakati unaofaa kabisa, pigo la pili linaunganika na la kwanza, na adui hapati nafasi ya kujikinga. Aliona ni vigumu mno kwa mtu wa kawaida, wakaiacha hivyo. Wachezaji wakaigundua, wakajizoeza, na leo kuunganisha mapigo ni msingi wa karibu michezo yote ya kupigana. Kama wangecheza "vile mtengenezaji alivyotaka", sehemu tamu ya mchezo ingebaki imefichwa.

Mchezo huohuo ulileta ugomvi unaofanana na ule wa vyumba vyetu. Mtu aliyejikinga hazuii kukamatwa na kutupwa chini. Kwa hiyo kuna waliokaa karibu na adui, kumtupa, kusubiri ainuke, kumtupa tena. "Huo ni uoga," wakalalamika walioshindwa. David Sirlin, Mmarekani aliyecheza mashindano hayo na baadaye akatengeneza michezo mwenyewe, aliandika sana juu ya malalamiko ya namna hiyo. Kwake, mwenye kulalamika amejitungia sheria ambayo mwenzake hakuikubali, kisha anataka ahesabiwe ameshindwa kwa heshima. Ni maneno makali, lakini ni vigumu kuyapinga. Dawa ya kutupwa ipo, ni kujifunza.

Hata hivyo, hata hao wapenda ushindi wana mpaka. Katika Super Street Fighter II Turbo ya 1994 kuna mpiganaji wa siri, Akuma. Ana nguvu kupita kiasi, na mtu akimchagua, wengine wote hawana faida tena. Mashine inamruhusu. Wachezaji wa mashindano Marekani walimkataza. Hawakusema yeye ni mbaya, walisema tu kwamba akiingia yeye hakuna mchezo tena.

Basi mwizi ni nani? Tuangalie watu wanaoshindana kumaliza mchezo kwa haraka. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, wa 1998, unachukua makumi ya saa kwa mtu wa kawaida. Kuna wanaoumaliza chini ya dakika 10 kwa kutumia makosa ya programu, na hakuna anayewaita wezi, sababu orodha yao inasema wazi kwamba makosa hayo yanaruhusiwa. Asiyeyapenda ana orodha yake nyingine.

Kinyume chake ni kisa cha Dream, mchezaji maarufu wa Minecraft. Mwaka 2020 aliwasilisha muda mzuri sana. Wasimamizi wakahesabu vitu alivyopata, vitu ambavyo programu inatoa kwa bahati, kama kurusha dadu. Ripoti yao ya Desemba ilionyesha kwamba bahati ya namna ile ni kama nafasi 1 kati ya miliari 7.500. Alikana. Mei 2021 alikubali kwamba programu yake ilikuwa imebadilishwa, akisema wakati ule hakujua. Programu ileile, nyumbani, akicheza kwa raha yake, isingemuudhi mtu. Ilikuwa kosa kwa sababu wengine walikuwa wanarusha dadu za kawaida.

Kwa anayecheza peke yake, mambo ni mepesi zaidi, ingawa kelele ni nyingi. Sekiro, mchezo mgumu wa 2019, ulileta mabishano makubwa kwa kukosa njia rahisi. Celeste, wa 2018, nao ni mgumu, lakini unamruhusu mchezaji kupunguza mwendo ao hata kutokufa kabisa. Mtengenezaji ana haki ya kujenga mlima mrefu. Lakini mtu mwenye vidole visivyotii vizuri, ao mama anayecheza nusu saa wakati watoto wamelala, akipunguza mwendo amemwibia nani?

Turudi kwa yule wa "kukimbia tu". Hakuvunja kitu. Timu alichagua mbele ya mwenzake, na mwenzake alikubali kuanza. Kama timu hiyo inaharibu michezo yote ya chumba, kama Akuma, waikataze, lakini kabla ya mpira kuanza na kwa wote. Shida ya vyumba vingi ni kwamba sheria mpya inazaliwa baada ya goli, na mara nyingi inazaliwa mdomoni mwa mkubwa aliyefungwa na mtoto wa miaka 10. Mtoto analipa, anakaa kimya, sababu yaya amesema.

Unabaki ugomvi wa kusimamisha mchezo. Adui anakaribia kufunga, wewe unabonyeza kitufe cha kusimamisha, eti simu inalia. Hapo mashine inaruhusu, orodha haipo, na mwenye chumba anajifanya hakuona.