Bei ya Besti

Sikia shosti, hereni moja ya kitenge inakula dakika ishirini. Unachukua boksi la biskuti, unalaza kizibo cha soda juu yake, unazungushia kalamu, unakata duara. Unapaka gundi, unalaza kitenge huku ukivuta kingo zisijikunje, unageuza, unaziba mgongo. Ikikauka unapaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ili nyuzi zisichomoke. Mwisho unatoboa kwa sindano, unatia ndoano. Pea nzima dakika arobaini, na hapo hujakosea.

Nilianza mwaka wa kwanza wa chuo, bumu la pili lilipotoka. Mabaki ya vitenge nachukua kwa mafundi Tandika, buku mfuko mzima. Gundi na ndoano nafuata Kariakoo. Nikapiga hesabu ya harakaharaka getoni: pea inanigharimu mia sita, nauza buku mbili, mchongo umetiki. Ila kila aliyenunua alikuwa besti, na besti ana bei yake. "Mwanangu, mimi tena? Fanya buku jero." Nikafanya. Mia tisa si haba.

Usiku mmoja wa mitihani ya UE usingizi ukagoma, nikafungua daftari. Pea kumi za wiki ile, 15,000. Toa vifaa, 6,000. Toa nauli ya daladala kwenda Kariakoo na kurudi, 1,200. Toa bando la kuposti, buku. Ikabaki 6,800. Na muda je? Pea kumi ni saa sita na dakika arobaini. Kumbe saa moja ya mkono wangu nilikuwa naiuza buku! Halafu pea mbili zilikuwa za "bumu likitoka", kwa hiyo 3,000 haijaingia. Mkononi nina 3,800. Bodi ya Mikopo inahesabu buku kumi kwa siku kwa chakula na malazi. Mimi nimekata maboksi karibu siku nzima, hata nusu ya hiyo sijafika. Iliniuma kinoma.

Sikuwalaumu mabesti. Wao wanaona kipande cha kitenge na boksi, dakika zile hawazioni, na mimi mwenyewe nilikuwa sizioni. Tumekulia kwenye nyumba ambazo kazi ya mikono ya mtoto wa kike haina bei. Unamsuka mdogo wako, unapika, unadarizi vitambaa vya makochi, unaambiwa asante. Ukija kuuza unabeba akili ileile, unajisikia vibaya kutaja hela.

Mwangalie msusi wa mtaani kwako. Hashiki kichwa hadi mmekubaliana. Mama ntilie naye mnasalimiana kila asubuhi, lakini sahani ya wali maharage haikatwi bei kwa sababu mnajuana. Nina shosti anasoma Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni, anachora hina na piko kwa maharusi. Kabla hajakoroga hina anataka nusu ya hela iwe imeshasoma kwenye simu. Nilikuwa namwona mgumu. Sasa hivi namwita mwalimu wangu.

Kilichonifungua macho kabisa ni dabi. Chang'ombe hapa chuo cha DUCE na Uwanja wa Mkapa ni majirani, na uwanja ule unabeba watu 60,000. Siku Simba na Yanga wanacheza, barabara yote inageuka nyekundu na kijani tangu asubuhi. Nikatengeneza pea ishirini, kumi nyekundu na nyeupe, kumi kijani na njano. Sikuweka nembo ya klabu yoyote, maana nembo ina mwenyewe. Rangi tu. Nikazibandika kwenye kadi ndogo, nikaandika jina langu la biashara na bei: 3,000. Dada wa kwanza akachukua pea ya kijani, akatoa hela, akavaa palepale, akaenda zake. Hakuuliza kitu. Kufika saa tisa nimebaki na pea nne.

Kadi ile ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Chukua mfano: Temeke hii mwaka 2021 tuliletewa Mkuu wa Wilaya, Jokate Mwegelo. Kabla ya uongozi, aliwahi kushika nafasi ya pili Miss Tanzania 2006, akasoma Mlimani, na mitaani wengi tulimjua kwa Kidoti, jina aliloliweka kwenye nywele na kandambili. Kandambili ziko kila genge. Mtu aliyetaka Kidoti alikuwa anataka jina. Na wewe jina unalo, liandike.

Mtaji ukipungua, usikimbilie mikopo ya kausha damu. Nimeona jirani anabebewa kitanda kwa rejesho la wiki moja. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inaombwa kwa kikundi, kwa hiyo tafuta wenzako wanaolipa madeni yao, uliza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Mabesti zangu bado wananunua. Niliwaita getoni, nikawaonesha daftari mstari kwa mstari, mpaka zile saa sita na dakika arobaini. Mmoja alikaa kimya, akatoa simu, akanirushia 3,000 ya deni la bumu. Sasa nakuomba na wewe unayesoma: shosti wako akikuletea alichotengeneza kwa mkono wake, usimwambie "mimi tena?" Lipa bei iliyoandikwa, na lipa leo.