Assyrtiko

Assyrtiko (kwa Kigiriki: Ασύρτικο) ni aina ya mzabibu unaozaa zabibu nyeupe za kutengenezea divai. Asili yake ni Santorini, kisiwa cha volkeno katika Bahari ya Aegean nchini Ugiriki. Inajulikana hasa kwa kubaki na uchachu hata zabibu zinapoiva kabisa kwenye jua kali.

Sifa

Kwa kawaida zabibu zikiiva kwenye joto, sukari huongezeka na asidi hupungua. Divai yake huwa na alkoholi nyingi lakini ladha iliyopooza. Assyrtiko hupata sukari ya kutosha bila kupoteza asidi nyingi. Divai yake mara nyingi haina utamu, ina harufu ya limau na ladha inayokaribia chumvi, na inaweza kuhifadhiwa kwa miaka mingi.

Kilimo

Udongo wa Santorini ni majivu na mawe mepesi ya volkeno. Mvua ni chache, na wakati wa kiangazi mizabibu hupata unyevu wa ukungu kutoka baharini. Ili kuikinga na upepo, wakulima husokota matawi kuwa duara kama kikapu karibu na ardhi, na vichala hukua ndani yake. Umbo hilo huitwa kouloura.

Filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu mingi ya Ulaya katika karne ya 19, hastawi katika udongo huo. Kwa hiyo mizabibu ya kisiwani inamea juu ya mizizi yake yenyewe, ilhali kwingineko Ulaya mingi hubebeshwa juu ya mashina yenye asili ya Amerika. Shina likizeeka hukatwa, na chipukizi huota tena kutoka mizizi ileile.

Divai

Jina "Santorini" limelindwa kisheria kwa divai ya kisiwa hicho tangu mwaka 1971. Assyrtiko pia ni zabibu kuu ya Vinsanto, divai tamu: zabibu huanikwa juani, kisha divai hukaa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 2.

Hali ya sasa

Mashamba ya Santorini yamepungua kutokana na ujenzi wa hoteli na nyumba, na ukame umepunguza mavuno. Assyrtiko hulimwa pia Ugiriki bara na Australia. Hata hivyo, kinachohamishika ni vipandikizi tu; mizizi ya zamani hupotea shamba linapojengwa.