Mlima Kenya: Tupande kwa Njia Ipi?

Sisi wa Kisii na Nyamira tumezoea vilima. Manga tunaipanda huku tukipiga gumzo! Lakini Mlima Kenya si Manga. Kilele cha Lenana kiko mita 4,985. Huko hewa ni haba, na kichwa humuuma hata mwanariadha.

Njia ya Naro Moru ni fupi, ila humpandisha mtu haraka mno, tena ina matope. Chogoria inapendeza lakini ni ndefu. Kwa anayeanza, mimi naona Sirimon yafaa: hupanda polepole, mwili ukapata kuzoea. Batian, mita 5,199, waachieni wenye kamba na ujuzi wa kukwea majabali.

Ukianza kutapika na kuyumbayumba, usijikaze kisabuni. Teremka mara moja! Kilele hakihami.