Ofisi ya mawese imehamia kwenye simu, lakini ni simu ya nani?

SIMBO ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Kigoma, na ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala hadi Kalya. Mgeni anayepita huko huona michikichi kila upande, mise iliyoanikwa juani na madumu ya lita 20 yakisubiri gari la kwenda Mwanga au Kibirizi. Kitu ambacho haoni kwa urahisi ni ofisi. Vikundi vingi vya wakamuaji havina chumba chenye meza, kabati na mafaili, na hata vile vyenye chumba, kazi yenyewe siku hizi haifanyikii humo.

Kazi inafanyika kwenye simu. Mnunuzi anauliza bei kwa ujumbe wa sauti, kiongozi wa kikundi anampigia picha madumu yaliyo tayari, malipo yanaingia kwa mtandao, dereva anatumiwa nauli kwa mtandao, na wanachama wanaitwa kwenye kikao kupitia kundi la WhatsApp. Kwa maneno mengine, mahali pa kazi pa kidijitali, ambapo wakurugenzi wa makampuni makubwa mijini hupazungumzia kwenye semina za hotelini, pamekwishafika Simbo bila semina. Pamefika, hata hivyo, bila utaratibu.

Mabadiliko haya yalianza na pesa. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, na mitandao mingine ikafuata na huduma kama Tigo Pesa, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Mixx by Yas. Miaka ya mwanzo pesa zilikaa ndani ya mtandao mmoja, hivyo mfanyabiashara alilazimika kuwa na laini mbili au tatu. Baadaye kampuni za simu zilikubaliana kupokezana miamala, na Benki Kuu ikajenga mfumo wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Uzuri wa huduma hizi ni kwamba hazihitaji simu janja. Kiswaswadu kinachobonyezwa *150*00# kinatosha kupokea malipo ya mzigo kutoka Dar es Salaam.

Tatizo linaanzia kwenye swali dogo: laini inayopokea malipo imesajiliwa kwa jina la nani?

Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na usajili wa laini ya mtu binafsi unategemea namba yake ya NIDA. Maana yake ni kwamba pesa iliyomo kwenye laini ya mwenyekiti, kwa macho ya mtandao, ni pesa ya mwenyekiti. Akiibiwa simu, ni yeye pekee anayeweza kurudishiwa laini. Akifariki dunia, salio linaingia katika masuala ya mirathi, na kikundi kinabaki kuwaeleza ndugu wa marehemu kwamba sehemu ya zile fedha ni ya mawese ya watu ishirini. Hapo wanachama hawana risiti, hawana mkataba, wanacho kilio tu. Si lazima mtu awe mwizi ili jambo hili litokee. Linatokea hata kwa kiongozi mwaminifu kabisa, na ndiyo sababu halizungumzwi mapema, kwa kuwa kulitaja huonekana kama kumtuhumu mzee wa watu.

Ipo pia hasara ya polepole, ambayo haina msiba wala polisi. Chukulia kikundi kinachouza madumu 60 kwa wiki, na kwa ajili ya hesabu tu, kila dumu liwe shilingi 60,000. Mauzo ya wiki ni shilingi 3,600,000. Pesa hizo zikiingia kwenye laini ileile inayopokea ada ya shule kutoka kwa shemeji, inayolipia luku na kununulia bando, baada ya miezi miwili hakuna anayeweza kutenganisha kipi ni cha nani. Ikiwa katika vurugu hiyo dumu moja tu kwa wiki halionekani kwenye hesabu, sawa na chini ya asilimia 2 ya mauzo, kwa mwaka wa wiki 52 kikundi kimepoteza shilingi 3,120,000. Fedha hiyo ingenunua miche, ingetengeneza mashine ya kukamulia, au ingegawanywa.

Suluhisho la kwanza halina ugumu wa kiufundi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kupata laini kwa jina la taasisi kwa kutumia nyaraka zake, au kufungua namba ya biashara, maarufu kama Lipa Namba, ambayo inatenganisha mauzo na pesa za mfukoni. Kutoka hapo fedha zihamishiwe kwenye akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Ni kweli kuna makato, na wafanyabiashara wana sababu ya kuyaogopa. Tozo ya miamala iliyoanza Julai 15, 2021, ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, iliwarudisha wengi kwenye kubeba noti mkobani, mpaka Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo na kuipunguza tena baadaye. Lakini makato yanaonekana na yanaweza kuwekwa kwenye bei. Dumu lililopotea kwenye hesabu haliwekwi popote.

La pili ni kumbukumbu. Kundi la WhatsApp limekuwa leja ya vikundi vingi, na hapo pana faida ambayo wahasibu wa zamani wasingeiamini: kila picha ya mizani na kila ujumbe wa malipo una tarehe na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, kwa hiyo ujumbe wa makubaliano ya bei si porojo. Udhaifu wake ni kwamba kundi halina mafaili. Picha ya mizani ya Machi imezama chini ya pole za msiba, matangazo ya harusi na video za mpira, na siku simu ikiingia maji ziwani vyote vinakwenda nayo kama havijahifadhiwa mahali pengine.

Vikundi vinavyofanikiwa katika hili huwa na kijana mmoja, mara nyingi binti au mtoto wa mwanachama aliyemaliza kidato cha nne, ambaye jioni huhamisha takwimu za siku kwenye jedwali la Excel lililohifadhiwa mtandaoni, huku daftari la karatasi likiendelea kuandikwa. Daftari lisidharauliwe. Halihitaji chaji, na mwanachama asiyejua simu janja anaweza kuomba asomewe jina lake. Jambo la kupigania ni kwamba nywila ya hifadhi hiyo ijulikane na viongozi wasiopungua wawili, na kwamba kijana huyo alipwe. Vijana wengi wameacha kazi hiyo kwa kuonekana kwamba "wanachezea simu".

Vyama vya ushirika vyenyewe vimeshaanza kusukumwa kuelekea huko. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake, MUVU, unaotumika kusimamia taarifa za vyama. Kiongozi anayeweka hesabu kichwani atapata taabu mbele ya mfumo wa aina hiyo, kwa sababu mfumo unataka tarakimu na tarehe.

Aidha kuna jambo ambalo viongozi wengi hulifanya kwa nia njema na kuvunja sheria. Ni kutupia kwenye kundi lenye watu 150 orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu na namba za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa hizo ziko chini yake. Mbali na sheria, orodha kama hiyo ni zawadi kwa matapeli wa "tuma kwenye namba hii", ambao wakijua jina la mtu na chama chake hushawishi kwa urahisi zaidi.

Halafu imekuja akili mnemba. Kwa mwenyekiti wa kikundi, programu hizi zina kazi halisi: kuandaa muhtasari wa kikao, kutengeneza barua ya kuomba mkopo, kutafsiri ujumbe wa mnunuzi anayeandika Kifaransa kutoka ng'ambo ya ziwa. Hapo zinaokoa muda na nauli ya kwenda kutafuta mwandishi mjini. Kuziuliza bei ya mawese ya leo ni suala jingine. Programu inaweza kutoa jibu lenye lugha nzuri wakati haijui gari ngapi zimeshusha Kibirizi asubuhi hiyo. Bei bado inapatikana kwa kumpigia simu mtu aliyesimama mwaloni.

Haraka ya kupanga mambo haya inatokana na michikichi yenyewe. Tangu mwaka 2018 Serikali imeusukuma mchikichi kama zao la kimkakati, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga mkoani humo kimekuwa kikizalisha mbegu ya Tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi kuliko Dura ya asili, na inayoanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Umeme nao umesogea, kwani kuanzia Oktoba 2022 mkoa wa Kigoma ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa baada ya miaka mingi ya majenereta. Mikungu itaongezeka, mashine zitaongezeka, na fedha zitakazopita kwenye simu zitakuwa kubwa kuliko zile ambazo undugu peke yake unaweza kuzilinda.

Zamani, uongozi ulipobadilika kwenye mkutano mkuu, vitu vya kukabidhiana vilijulikana: mhuri, kitabu cha risiti, kitabu cha benki na funguo za ghala. Mkutano ujao wa kikundi chochote cha wakamuaji unaweza kuongeza kwenye meza hiyo simu ya chama ikiwa na laini yake, nywila za hifadhi ndani ya bahasha, na kubadilishwa kwa namba ya siri mbele ya wanachama kabla kikao hakijafungwa.